NeST kwa mshonaji mdogo: zabuni zinaonekana, hela ndiyo inayochelewa

Swali ninaloulizwa zaidi na wanawake wenye cherehani ni kama kweli kikundi kidogo kinaweza kuiuzia serikali bila kuwa na mtu wake ndani. Kinaweza, na sisi tunafanya hivyo. Tuko Singida, maeneo ya Mandewa, kikundi cha wanawake washonaji, na mimi ndiye mwenyekiti. Tumeshashona mashuka ya wodi, ovaroli za mafundi, sare za walinzi na mapazia ya ofisi, vyote kwa taasisi za umma, na vyote tulivipata kupitia NeST, yaani Mfumo wa Ununuzi wa Umma wa Kielektroniki. Haya ni maoni yangu juu ya mfumo huo nikiwa upande wa anayeuza. Kuna mahali nitausifia sana. Kuna mahali nina maneno makali, hasa kuhusu kinachotokea baada ya mzigo kufika kwa mnunuzi.

Nianze na kilichonifanya niupende. Ukifungua nest.go.tz, hata kabla hujasajiliwa, unaona zabuni zilizotangazwa: taasisi gani inataka nini, wapi, na mwisho wa kuomba ni lini. Unaona pia mikataba ambayo imeshatolewa. Mtu ambaye hajawahi kukaa nje ya ofisi ya ununuzi akisubiri kuambiwa "njoo kesho" hawezi kuelewa jambo hili lina uzito gani. Zamani tangazo lilikuwa gazetini au kwenye ubao wa halmashauri, nyaraka za zabuni zilikuwa za kwenda kuchukua ofisini, na bahasha yako uliipeleka mwenyewe ukaitumbukiza kwenye sanduku. Mama mwenye cherehani tatu Singida hakuwa na namna ya kujua kwamba chuo kilichopo wilaya nyingine kinatafuta mapazia. Leo anajua saa ileile anayojua mfanyabiashara mkubwa wa Kariakoo.

Kabla ya NeST kulikuwa na mfumo mwingine, TANePS. NeST ilianza kutumika Julai 2023, mwanzo wa mwaka wa fedha, na ilipofika Oktoba mwaka huohuo ule wa zamani ukawekwa pembeni. Huu wa sasa umejengwa na wataalamu wa hapahapa nchini chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Mimi nalihesabu hilo kuwa jambo kubwa. Mfumo unasomana na NIDA ya vitambulisho, TRA ya kodi na BRELA inayosajili kampuni na majina ya biashara, kwa hiyo ukiingiza namba yako ya kitambulisho cha taifa au TIN, yaani namba ya mlipakodi, taarifa zako zinakuja zenyewe. Hakuna tena kubeba faili la nakala zilizogongwa mihuri kila unapoomba kazi mpya.

Usajili wenyewe si mgumu, lakini unataka utulivu. Andaa namba ya NIDA, TIN, leseni ya biashara, na kama ni kampuni au jina la biashara, usajili wa BRELA. Kikundi kinatumia cheti chake cha halmashauri na TIN ya kikundi. Hapo mfumo unakutaka uchague aina za biashara unazofanya, na sehemu hii naomba msomaji aisome mara mbili. Zabuni unazoweza kuomba zinafuata aina ulizochagua na zikakubaliwa. Ukijisajili kwa ushonaji peke yake, tangazo la kuleta viatu vya walinzi utaliona kwa macho tu. Sisi tulichagua nguo za kazi na sare, tukaongeza mashuka na mapazia, basi. Wapo wanaojaza kila kitu, kuanzia karatasi hadi matairi, kwa imani kwamba siku moja bahati itawaangukia. Mtu huyo akishinda zabuni ya matairi, atakwenda kuyanunua dukani kama mtu mwingine yeyote, na faida yake itaishia kwa mwenye duka.

Jambo la pili la usajili: akaunti iwe yako. Huku kwetu watu wengi hawana kompyuta, kwa hiyo wanakwenda steshenari, kijana wa pale anawafungulia barua pepe, anaweka neno la siri analolijua yeye, na kuanzia hapo kila kitu cha kikundi kiko mikononi mwake. Taarifa ya kushinda inakuja kwenye barua pepe ambayo hamna uwezo wa kuifungua. Vijana wengi wa steshenari ni waaminifu na kazi yao inatusaidia sana. Nenda, mlipe akuoneshe njia, ila barua pepe iwe ya kikundi, neno la siri liandikwe kwenye daftari la katibu, na namba ya simu iwe ya mwanachama ambaye simu yake haizimwi. Kwetu ni katibu. Kila jioni anaingia, anaangalia matangazo mapya, anatuma kwenye kundi letu la WhatsApp yale yanayotuhusu.

Sasa asilimia 30. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na kanuni zake za 2024, zinazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa ajili ya makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sharti hili halikuanza na sheria hii, lilikuwepo tangu marekebisho ya 2016, lakini lilikuwa karatasini zaidi. Kilichobadilika ni kwamba sasa zabuni iliyotengwa kwa makundi inaonekana kwenye mfumo kwa jina hilo, na anayeiomba lazima awe amesajiliwa kama kundi maalumu. Ili mtambulike hivyo mnapitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu, anayehakikisha kwamba kikundi kipo kweli, kina wanachama, kina katiba, kina akaunti ya benki. Afisa wetu alikuja mpaka kwenye chumba tunachoshonea, akahesabu cherehani, akatazama kazi iliyokuwa mezani, akauliza kila mmoja anafanya nini. Nilifurahi. Kikundi cha kwenye makaratasi kisingeweza kujibu yale maswali.

Nina lalamiko langu kuhusu namna asilimia hizo zinavyogawiwa. Taasisi nyingi zikifikiria makundi maalumu zinafikiria usafi na chakula cha semina. Hizo ni kazi halali na wenzetu wengi wanaishi kwazo. Lakini wanawake wanashona, wanatengeneza sabuni, wanafyatua matofali, vijana wanachomelea milango na kutengeneza madawati. Ukitembea kwenye orodha ya zabuni utakuta sare za walinzi zimewekwa kwenye ushindani wa wote, wakati hapo mtaani kwa mnunuzi kuna vikundi vya ushonaji vilivyosajiliwa na serikali hiyohiyo. Afisa ununuzi anayesoma haya namwomba, anapoandaa mpango wa mwaka, amuulize afisa maendeleo ya jamii swali moja: vikundi vya hapa vinatengeneza nini?

Kuhusu kuomba zabuni yenyewe, nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Kazi zinazotufaa sisi ni zile ndogo zinazoitwa kotesheni, ambapo taasisi inataka bei ya vitu ilivyoviorodhesha na muda wa kuomba ni mfupi. Unasoma orodha, unajaza bei kwa kila kitu, unaambatisha vilivyotakiwa, unatuma. Saa ya mwisho ikifika mfumo unajifunga wenyewe. Hakuna wa kumpigia simu akupokelee umechelewa, na hakuna anayeweza kuifungua bei yako kabla ya muda kumwonyesha mtu mwingine. Hilo peke yake ndilo lililotufanya tuthubutu. Kwenye zabuni kubwa kidogo utatakiwa dhamana ya zabuni kutoka benki, lakini kwa kazi za makundi maalumu mara nyingi inatosha kujaza Tamko la Dhamana ya Zabuni, yaani unaahidi kwa maandishi kwamba ukishinda hutakimbia. Tamko hilo lina meno. Ukishinda ukajitoa, au ukikutwa umeweka nyaraka za kughushi, PPRA wanaweza kukufungia kushiriki zabuni za umma. Kwa hiyo usiombe kazi ambayo hujaipigia hesabu ya kitambaa.

Soma vipimo. Soma tena. Nyaraka nyingi ni za Kiingereza, na katika kikundi chetu wanaosoma Kiingereza kwa raha ni wachache, kwa hiyo katibu husoma kwa sauti akitafsiri, na mimi naandika kwenye ubao: aina ya kitambaa, uzito wake kwa mita ya mraba, urefu, upana, rangi, nembo iwekwe wapi, kwa kuchapa au kwa kudarizi. Kitambaa cha drili cha ovaroli kinaweza kuonekana kilekile dukani, kumbe kimoja ni chepesi na baada ya kufuliwa mara chache magoti yanakuwa wavu. Mnunuzi akiandika uzito, ujue anajua anachokitaka, au walau kamati yake ya mapokezi itakuwa na mtu anayejua. Kukiwa na neno lisiloeleweka, ndani ya mfumo kuna sehemu ya kuuliza ufafanuzi kabla ya muda kwisha. Itumieni. Tuliwahi kuuliza kama shuka la inchi 60 kwa 90 ni kabla ya kupinda pindo au baada ya kupinda. Jibu lilikuwa "baada ya kupinda", na pindo hilo kwa mashuka mengi ni mita nyingi za kitambaa.

Sampuli pia. Taasisi ikitaka sampuli, tunashona mbili zinazofanana. Moja inakwenda kwa mnunuzi, nyingine inabaki kwetu ikiwa na kipande cha kitambaa kilichobandikwa kwenye karatasi yenye saini ya aliyepokea. Siku ya kukabidhi mzigo tunakwenda nayo. Mtu akisema "rangi siyo hii", tunaiweka mezani.

Sasa bei, na hapa nawapa hesabu nzima ili mtu aione. Chukua kazi ya mashuka 200 kwa shilingi 22,000 kila moja. Mkataba ni shilingi 4,400,000. Kitambaa cha tetroni na pamba, kikinunuliwa kwa jora Kariakoo na kuletwa na basi, weka 13,000 kwa shuka: 2,600,000. Ushonaji 2,500 kwa shuka: 500,000, na hizi tunawalipa wanachama walioshona, hatusubiri serikali ilipe. Kuchapa jina la hospitali 1,000 kwa shuka: 200,000. Usafiri na kufunga mizigo: 150,000. Jumla ya gharama 3,450,000. Inabaki 950,000. Mwanachama mpya akiiona namba hiyo anatabasamu.

Toa kwanza kodi ya zuio. Taasisi ya serikali inapolipia bidhaa inakata asilimia 2 na kuipeleka TRA, hapa ni shilingi 88,000. Kama unauza huduma, kwa mfano kufua au kufanya usafi, wanakata asilimia 5. Hela hiyo haijapotea, ni kodi iliyolipwa kwa jina lenu, lakini mdai cheti chake muda uleule, vinginevyo mwisho wa mwaka hamtakuwa na cha kuwaonyesha TRA. Mkononi sasa zinabaki 862,000. Sisi hatujasajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa sababu mauzo yetu hayakaribii milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo bei yetu haina ile asilimia 18. Msiiongeze kama hamjasajiliwa. Si haki yenu kuikusanya.

Halafu njoo kwenye jambo lenyewe. Ile 2,600,000 ya kitambaa imetoka wapi? Kama ni akiba ya kikundi, sawa. Kama ni mkopo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, kila mwezi unakula 91,000. Mkilipwa baada ya miezi miwili mnabaki na 680,000, kazi nzuri. Mkilipwa baada ya minne mnabaki na 498,000. Mkilipwa baada ya minane mnabaki na 134,000, na hapo bado hamjalipia umeme wala matengenezo ya ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Bei ya shuka haikubadilika hata senti moja. Kilichobadilika ni siku ya kulipwa.

Ndiyo maana nasema mfumo umefungua mlango wa kuingilia vizuri sana, ila wa kutokea haujafunguka vya kutosha. Kabla ya saa ya mwisho ya zabuni kila kitu kina tarehe na dakika, na mzabuni akichelewa anaachwa nje. Baada ya mzigo kupokelewa, tarehe zinakuwa laini. Tulipeleka mzigo kwenye halmashauri moja, mkoa jirani, nisiyoitaja. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ikakagua, ikahesabu, ikasaini bila doa. Tukatoa hati ya kukabidhi, ankara na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Miezi ikapita. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima, mjane, aliyetoa akiba yake kuongezea kitambaa, alikuwa ananiuliza kila Ijumaa tunapokutana: "Mwenyekiti, zile hela zetu zimefikia wapi?" Nikimpigia mhasibu wa kule ananijibu kwa upole kabisa kwamba fedha haijaingia. Sikuwa na sababu ya kudhani anadanganya. Lakini upole wake haukulipa riba. Mwisho wa yote tulilipwa, shilingi zote, na wanachama wawili walikuwa wameshaondoka kwenye kikundi kwa kukata tamaa. Walikuwa washonaji wazuri. Mmoja alikuwa fundi wetu bora wa kola.

Kwa msiojua, malipo ya serikali yanapita kwenye mfumo wa MUSE, na fedha ya taasisi inafika kwa mafungu. Mkataba unaweza kuwa halali, mzigo umepokelewa, na fungu lenyewe bado halijashuka. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Kuanzia Mei taasisi zinakimbizana na muda, zabuni zinakuwa nyingi, na kila mtu anataka mzigo haraka. Mzigo uliopokelewa wiki ya mwisho ya Juni bila malipo kufanyika unaweza kugeuka deni la mwaka uliopita, na deni la namna hiyo linasubiri uhakiki kabla ya kulipwa. Sisi tuna utaratibu wetu sasa: kazi ya Mei na Juni tunaiomba kama tu kitambaa tunakinunua kwa hela yetu wenyewe. Kwa mkopo, hapana.

Na kuhusu mkopo, kabla hamjakimbilia riba za mtaani, ulizeni halmashauri yenu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Imegawiwa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mkopo usio na riba ndio pekee unaoendana na mnunuzi asiyejulikana atalipa lini. Benki nazo zinakopesha kwa kushikilia hati ya agizo la ununuzi, ambayo wote tunaiita LPO, lakini pigeni hesabu kama niliyoipiga juu kwa miezi minne na kwa minane kabla ya kusaini. Ikiwa kwa miezi minane mnabaki mikono mitupu, bei yenu ni ndogo mno au kazi hiyo si yenu.

Wenzetu wengine wanashinda kwa kushusha bei. Nimeona mashuka yakiombwa kwa bei ambayo hata kitambaa hailipi. Sijui mtu huyo analeta nini siku ya kukabidhi. Kwetu tulikubaliana kwenye kikao kwamba bei yetu ina kitambaa halisi, malipo ya mshonaji, kodi, na miezi minne ya kusubiri. Tukishindwa tunaingia kwenye orodha ya mikataba iliyotolewa, tunaangalia mshindi ni nani na kiasi gani, tunajifunza, tunaendelea. Kazi tunazokosa ni nyingi kuliko tunazopata na haituumizi, kwa sababu kuomba hakuhitaji nauli.

Kuhusu kulalamika nitasema kwa ufupi. Mnunuzi akitaka kumpa mtu kazi, walioomba wanaarifiwa kwanza na kupewa muda wa kupinga kabla mkataba haujasainiwa. Ukiwa na hoja unaanza kwa mkuu wa taasisi nunuzi, na usiporidhika unakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA. Sisi hatujafika huko. Lakini tulipowahi kuambiwa tumeenguliwa kwa kukosa leseni, na leseni ilikuwa imeambatishwa, tuliandika barua tukaonyesha ilipo, na tukarudishwa kwenye tathmini. Kazi yenyewe tukaikosa kwa bei. Nililala vizuri usiku ule.

Kuna pia mikataba maalumu ya GPSA, Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, inayohusu vitu vinavyotumiwa na taasisi nyingi. Ukiwa kwenye mikataba hiyo taasisi zinaweza kukuagiza bila kuanza zabuni kubwa upya. Ni nzuri kwa mwenye uwezo wa kuhudumia maagizo yanayokuja kwa mfululizo. Kikundi cha cherehani chache kingoje kidogo.

Alama zangu, kwa wanaopenda alama. Uwazi wa kutafuta kazi: tano kwa tano, sina cha kupunguza. Usajili: nne, kwa sababu unamtaka mtu awe na intaneti nzuri na mwenye kuelewa aina za biashara. Nafasi za makundi maalumu: tatu, zipo ila zimebanwa kwenye kazi za aina moja. Lugha ya nyaraka: mbili. Kikundi cha wanawake wa kijijini kina haki ya kusoma mkataba wake kwa Kiswahili. Malipo baada ya kukabidhi: mbili, na nimetoa mbili kwa sababu wapo wanunuzi wanaolipa vizuri. Shule moja hapa mkoani ilitulipa kabla sijamaliza kumshukuru mkuu wa shule kwa simu, na mnunuzi wa aina hiyo tunamshonea kwanza hata kama ametuagiza pazia moja.

Ninachotaka kuona kinaongezwa ni kitu kimoja. Kama mfumo unaweza kuhesabu dakika za mzabuni, uhesabu na siku za mnunuzi. Kamati ikishasaini kupokea mzigo, tarehe ya kulipa ionekane hadharani kwenye mkataba ule, ikipita iwe nyekundu, na mzabuni anayefikiria kuomba kazi kwa taasisi hiyo aone wastani wake wa kulipa kabla hajanunua kitambaa. Mimi ningeiuzia kwa bei nafuu zaidi taasisi inayolipa ndani ya mwezi, na serikali ingeokoa fedha.

Mfumo huu unamfaa nani? Unamfaa anayetengeneza kitu kwa mikono yake, mwenye mtaji wa kusubiri walau miezi minne, na mwenye wateja wengine wa kila siku. Sisi sare za shule za mtaani na nguo za harusi ndizo zinazotupa hela ya wiki. Kazi ya serikali inakuja juu ya hapo. Haumfai anayetaka kukopa leo akalipe Jumamosi, na haumfai mchuuzi wa vyote.

Kwa kikundi kinachotaka kuanza, mipango ya ununuzi ya mwaka mpya inaonekana kwenye mfumo kuanzia Julai. Kamilisheni TIN, akaunti ya benki na barua ya afisa maendeleo ya jamii kabla ya hapo. Julai ikifika fungueni mpango wa kila taasisi iliyo umbali wa basi moja kutoka kwenu, andikeni pembeni nani anataka nini na robo ipi ya mwaka, kisha nendeni kwa wazabuni waliowahi kuwauzia muwaulize walilipwa baada ya muda gani. Anzeni na yule ambaye wote wamemtaja kwa wema.